Tulivyomzika Shujaa

Baba yangu alikuwa shujaa kabla mimi sijazaliwa, na matunda ya ushujaa huo nimeyala tangu nikiwa na meno mawili. Tukienda Katonga, mwaloni zinakofikia boti za wavuvi, kununua samaki, wauzaji walimwongezea migebuka juu ya ile aliyochagua. Harusini aliwekewa kiti mbele, hata kama maharusi hawamjui wala yeye hawajui. Akipita Kasingirima na koti lake refu na fimbo yake, vijana waliokaa juu ya bodaboda waliinuka kumwamkia, na vijana wa bodaboda, anayewajua anajua, hawainuki hivi hivi.

Kisa chenyewe kila mtu alikijua. Boti ya abiria ilipigwa na upepo karibu na Katonga, ikapinduka. Baba akajitupa majini na kamba, akaogelea mpaka penye watu, akawavuta wote mpaka nchi kavu. Kamba ilikuwa mdomoni au kiunoni, hilo lilitegemea anayesimulia. Kuna mzee mmoja aliyenogewa mpaka akatia na mamba. Baba mwenyewe sikuwahi kumsikia akikisimulia. Akiulizwa mezani, alisema, “Mungu ndiye mwokozi,” kisha akaomba apewe chumvi.

Tatizo lilikuwa moja, na nyumbani tulilijua sote: baba hajui kuogelea. Ziwani alifika mpaka maji yamloweshe vifundo vya miguu, basi, akageuka. Tukiwa watoto tulimuuliza mama imekuwaje, naye akatuambia tumalize ugali.

Ningeyaacha hayo yapite kama si siku za upepo. Upepo ukivuma na boti ya mtu ikachelewa, watu walikuja mbio kwetu, si kwa mwenye injini wala kwa mwenye mtumbwi. “Mzee, twende.” Baba alivaa koti, akaenda, akasimama ufukweni na fimbo yake, watu wakimwangalia yeye badala ya kuangalia maji. Mungu saidia, kila mara walikuwepo wavuvi walioingia na boti zao kimya kimya wakawaleta waliokwama, na sifa zikarudi kwa mzee aliyesimama kwenye mchanga. Akirudi nyumbani mikono ilimtetemeka hadi chai ikamwagika kwenye kisahani. Niliiona mikono ile nikiwa mdogo, nikakasirika, na sikujua nimkasirikie nani.

Nina hasira za karibu, nakiri. Ni msusi, nina saluni yangu karibu na soko la Ujiji, na saluni ni mahali ambapo habari za watu maarufu humiminwa kichwani mwako kutwa nzima. Nani kaachana na nani, nani kanunua gari, nani kajirekodi akilia. Siku moja walisema anakuja Kigoma kijana aliyepata umaarufu kwa kumtukana mama mkwe wake mbele ya simu. Hakuna kingine alichokuwa amekifanya. Hakuimba, hakucheza mpira, hakutengeneza hata kigoda. Mteja wangu, mama mtu mzima, alinyanyuka kwenye kiti nimemsuka upande mmoja, upande wa pili nywele zimesimama, akakimbilia barabarani kumpungia mkono. Nilibaki na kitana mkononi.

Mchana huohuo niliandika wimbo wa kwanza. Ulikuwa wimbo wa chawa, wale watu wanaomganda mtu maarufu na kumsifia hata akipiga chafya. “Bosi kapiga chafya, nchi nzima ipone.” Niliwaimbia wasichana wangu wa saluni, wakacheka mpaka mmoja akaunguza nywele za mteja kwa pasi. Nikajua nina kitu.

Ndivyo ulivyozaliwa mchezo wetu wa kuimba, “Shujaa wa Mbuzi.” Moto unawaka sokoni. Mwanamume mmoja wa kijiji cha Simbo, mwoga kupindukia, anakimbia akiwa amefumba macho, na katika kukimbia anambeba mbuzi wa mtu akidhani ni mzigo wake. Anatoka nje na mbuzi begani, moshi nyuma yake, na watu wanapiga picha. Basi. Kesho yake ni shujaa. Wanamtungia nyimbo, wanachapisha vitenge vyenye sura yake na ya mbuzi, wanamletea wagonjwa awaguse, wanamletea kesi za ndoa aamue. Chawa wanamzunguka. Maskini ya Mungu, hana hata nafasi ya kwenda chooni peke yake. Mwisho anajifanya amekufa ili apumzike, naye analala ndani ya jeneza akisikiliza anavyosifiwa msibani, mpaka uvumilivu unamshinda.

Waimbaji niliwaokota kila mahali. Wengine walitoka kwaya ya kanisani kwetu, wengine walikuwa vijana wa kaswida wa Ujiji wenye sauti za kukata na shoka. Wa kuwa Shujaa nilimpata Katonga: mvuvi wa dagaa, mtoto wa familia iliyotoka Burundi na kulowea hapa, mwanamume mwenye kifua na sauti inayofika mbali. Kwa ajili yake na wenzake ilibidi tufanye mazoezi siku za mbalamwezi, maana mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawaifuati taa na wavuvi wanakaa nyumbani. Siku za giza tulikuwa na mchezo usio na Shujaa. Hizo tulizitumia kuwafanyisha chawa mazoezi.

Jioni ya kwanza, kabla hata ya kuimba, yule mvuvi aliniita pembeni.

“Dada, nikuulize. Huyu Shujaa mwenye koti na fimbo. Ni mzee wako?”

“Ni mtu wa Simbo,” nikasema.

“Haya. Lakini mama yangu alikuwa ndani ya ile boti. Angekuwa hai angenipiga.”

Nikamwambia mchezo haumcheki mzee, unawacheka wanaomganda mzee. Alinitazama, akakubali, akavaa koti. Nami usiku ule nililala vibaya, kwa sababu nilijua kwamba watu hawana mizani ya kupimia hayo. Wangeliona koti, na wangegeuka kumtazama baba yangu.

Habari haikuchelewa kufika nyumbani, na ilifika imepinda. Jirani alikuja kumpa baba pongezi: mwanao anakutengenezea mchezo, mji mzima utakuja kukuheshimu. Baba akajibu, “Ndiyo, nimesikia,” akampa mama koti alipige pasi. Mama alinifuata uani nikifua.

“Mwambie baba yako ukweli.”

“Nitamwambia, mama.”

“Leo.”

Nilimwambia wakati wa chakula cha jioni, kwa sauti ndogo ambayo wateja wangu hawajapata kuisikia.

“Baba, ule mchezo ni wa kuchekesha.”

“Vizuri. Watu wacheke.”

“Anayechekwa ni Shujaa mwenyewe.”

Aliendelea kuchambua miiba ya mgebuka. “Ana koti?”

“Analo.”

“Refu?”

“Refu, baba.”

“Nitakaa mbele,” akasema, na hapo mazungumzo yakaisha.

Sikujua ameelewa au hakuelewa, na sikuwa na ujasiri wa kurudia. Mzee wa umri ule ana nini kingine zaidi ya heshima yake? Kama angetoka ukumbini siku hiyo amedhalilika mbele ya mji, nami ndiye niliyemdhalilisha, sijui ningerudi nyumbani na uso gani. Nilifikiria kuuvunja mchezo. Nilifikiria kumvua Shujaa lile koti na kumvisha shati la mauamaua. Lakini nyimbo zilikuwa zimeshatoka zamani, watu walikuwa wanaziimba sokoni, na mimi, acha niseme tu, nilizipenda.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi mchana. Ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Nyuma ya shuka tuliyoitundika kuwa pazia, nilimtafuta baba na kumpata: mstari wa mbele, katikati, koti limenyooka, fimbo kati ya magoti, mama kulia kwake akijipepea kwa nguvu ingawa hakukuwa na joto kiasi hicho.

Moto uliwaka kwa vitambaa vyekundu. Shujaa akatoka mbio na mbuzi begani, mbuzi wa kweli, naye mbuzi akafanya vizuri kuliko sisi sote. Hapo nikaliona jambo nililoliogopa. Watu walitaka kucheka, lakini kabla ya kucheka waligeuza shingo kumtazama baba, kama wanaomba ruhusa. Baba hakucheka wala hakununa. Alitazama jukwaa kama mtu anayesikiliza risala. Kwa hiyo kila kicheko kilikuja kimechelewa, baada ya mstari wake kupita, na waimbaji wakaanza kuchanganyikiwa. Wimbo wa chawa uliokoa jahazi. Huo haukuwa na koti ndani yake, na watu waliucheza wamesimama, na wanawake wawili wakapanda kumtuza kiongozi wa chawa kwa vitenge.

Tukafika msibani. Jeneza tulikuwa tumeliazima kwa seremala mmoja kwa masharti lisikwaruzwe, naye alikaa karibu na mlango akilitazama kwa wasiwasi. Shujaa alilala ndani, waombolezaji wakalibeba jeneza begani, kwaya ikaanza taratibu: Muha wa Simbo amelala, nani atatubebea mbuzi.

Na hapo ndipo nilipogundua kosa letu. Katika kuandika na kushona na kutafuta mbuzi, sikuwa nimekumbuka watani.

Kwa asiyejua, sisi Waha tuna watani wetu. Kabila lao silitaji, wasije wakanidai. Msiba wetu ni wao pia kwa namna yao. Tunapolia, wao wanakuja kutuchekesha. Wanaiba jembe la kuchimbia kaburi, wanazuia jeneza lisipite, wanamwigiza marehemu na kutaja aibu zake zote alizoficha maisha yake yote, na huna ruhusa ya kukasirika. Ukikasirikia mtani umejiaibisha mwenyewe. Sasa sisi tulikuwa tumepandisha jukwaani jeneza, tumetangaza kwa kinanda na ngoma kwamba aliyemo ni Muha wa Simbo, na nusu ya ukumbi ni watani wa Ujiji. Tulitegemea wakae watulie?

Wa kwanza kuinuka alikuwa bibi mmoja anayeuza mawese sokoni, jirani wa saluni yangu, mtani wa baba tangu ujana wao. Walikuwa wakiitana mume na mke kwa dhihaka mpaka wageni wanaamini. Alipanda jukwaani bila kuharakisha, akatandika kitenge chake chini mbele ya wabeba jeneza, akajilaza juu yake.

“Halipiti,” akasema.

“Bibi,” nilimnong'oneza kutoka nyuma ya pazia, “bibi, huu ni mchezo.”

“Na mimi nacheza. Weye nyamaza, mtoto wa Muha.”

Wakafuata wengine. Mmoja akamnyang'anya mpiga kinanda kiti. Mwingine akaanza kulia kwa sauti kubwa kwamba marehemu alimwahidi kumwoa. Ukumbi ukalipuka, na safari hii hakuna aliyegeuza shingo kuomba ruhusa, maana watani hawaombi. Ndani ya jeneza niliona tumbo la mvuvi wangu likipanda na kushuka kwa kicheko.

Bibi akanyanyuka. Alijifunga kile kitenge mabegani kikawa koti refu, akachukua fagio likawa fimbo, akatembea. Ewe Mola. Ulikuwa ule mwendo wenyewe, kisigino kwanza, bega moja limetangulia. Hakuwa akimwigiza mvuvi wangu hata kidogo. Alifika katikati ya jukwaa, akatazama mbali kama anayetazama ziwa, akasema kwa sauti nzito, “Mungu ndiye mwokozi. Nipeni chumvi.”

Sikujua kama habari za chumvi zilikuwa zimetoka nje ya nyumba yetu. Watu walikuwa hoi, wengine wanajifuta machozi. Kisha bibi akaweka fagio chini.

“Mnalia nini?” akawauliza. “Huyu Muha hajui kuogelea! Nimemjua tangu ana nywele. Huyu hata mvua anaikimbia!”

Kicheko kilikatika ghafla. Nilisikia mbuzi akitafuna kitu, bila shaka kitambaa cha moto wangu. Watu wote walimtazama baba. Mama aliacha kujipepea.

Kwa mtani asingeweza kukasirika. Kwa binti yake, hakuna utani unaomkinga. Nilitamani sakafu inimeze na pazia lake.

Baba aliinuka, akapanda ngazi za jukwaa moja moja, akalifikia jeneza ambalo wabebaji walikuwa wamelishusha.

“Kijana,” akamwambia mvuvi, “toka humo.”

“Shikamoo mzee,” mvuvi akasema akiwa bado amelala, maana hakujua aseme nini.

“Marahaba. Toka.”

Mvuvi akatoka. Baba akavua viatu, akaviweka pamoja kwa unadhifu, akaingia.

“Mzee!” mama akapiga ukelele. “Uchuro huo! Shuka!”

“Tulia, mama,” baba akasema kutoka ndani ya jeneza. Kisha akaketi, kichwa na mabega vimechomoza, akanyoosha mkono. “Nipeni hicho cha kusemea.”

Nikampa kipaza sauti mwenyewe. Hakunitazama.

“Huyu mtani wangu anasema kweli,” akasema. “Siku ile nilikwenda Katonga kununua dagaa. Upepo ukaja, boti ikapinduka pale karibu na mawe, na mimi nikaanza kukimbia. Nilikuwa nakimbia kuelekea nyumbani, siyo majini. Mtu mmoja kwenye boti akarusha kamba, ikanizunguka mguu, nikaanguka nikabanwa kati ya mawe mawili. Nikapiga kelele waikate. Nani ananisikia? Watu wakaja wameishika ile kamba, mmoja baada ya mwingine, na kila anayefika ananikanyaga. Nilipopata fahamu nilikuwa nimebebwa mabegani na watu wanaimba.”

Akaugeukia ukumbi mzima.

“Nilisema. Msidhani sikusema. Nilisema siku hiyohiyo, wakasema mtu huyu ana unyenyekevu. Kesho yake nikasema tena, sifa zikazidi. Nikanyamaza. Tangu hapo kila upepo ukivuma mnanileta nisimame pale, na mimi naomba Mungu msinisukume. Nimechoka kuokoa watu wale wale. Nizikeni.”

Akalala, akafunga mikono kifuani.

Hakuna aliyejua la kufanya, na mwandishi wa mchezo ndiye aliyejua kidogo kuliko wote. Nilikuwa nalia, siyo kwa huzuni. Ni kwamba ile mikono iliyokuwa ikimwaga chai niliielewa siku hiyo, nikiwa mtu mzima mwenye watoto wangu, nyuma ya shuka.

Mvuvi ndiye aliyetuokoa. Alikuwa bado na koti la Shujaa. Alipiga magoti kando ya jeneza.

“Mzee,” akasema, na hakuhitaji kipaza sauti, “mama yangu alikuwa kwenye hiyo kamba. Basi na yeye alikukanyaga.”

“Inawezekana,” baba akasema.

“Alikukanyaga, akafika, akanizaa. Iwe ulitaka, iwe hukutaka, mimi nashukuru. Ulale amahoro, ulale kwa amani.”

Bibi wa mawese akapiga kigelegele kilichopasua paa. “Amekiri mwenyewe! Sasa lipite, lizikwe!” Akaondoa kitenge njiani. Watani na Waha wakaliinua jeneza pamoja, kwaya ikauimba ule wimbo wa chawa polepole kwa mtindo wa maombolezo, tukamzungusha Shujaa ukumbi mzima, tukatoka naye nje kwenye jua, seremala akitukimbilia nyuma akisihi tusiligonge mlangoni. Tulilishusha chini ya nguzo ya umeme. Baba akaamka, akaomba viatu vyake, akavaa, akamshika mama mkono, wakaenda nyumbani kwa miguu.

Mwisho nilioandika mimi haukuchezwa. Ulikuwa na wimbo mzuri sana, na nitasema bila haya kwamba niliukasirikia ule mchana kwa dakika kadhaa kwa ajili ya wimbo huo.

Nilifika nyumbani jioni nimejiandaa kwa lolote. Baba alikuwa barazani anamenya muhogo.

“Baba, umenikasirikia?”

“Nimekasirika.” Akakata kipande. “Mbuzi! Mtu wako umembebesha mbuzi. Ungeshindwa hata kutafuta ng'ombe?”

“Ng'ombe hapandi jukwaani, baba.”

“Basi ungeniuliza. Ningekwambia ya kamba, ungekuwa na mchezo bora.”

Akanipa muhogo. Nikaketi karibu naye, nikala, na moyo wangu ukashuka mahali pake.

Usidhani mji ulibadilika wote. Jumatatu yake saluni, mteja wangu aliniambia, “Umeona unyenyekevu wa mzee? Mashujaa wa kweli ndivyo walivyo.” Nilimvuta nywele zaidi ya ilivyohitajika. Wapo wanaoamini mpaka leo kwamba alisema vile ili asijikweze, na yule mzee wa mamba hajamwondoa mamba wake. Lakini wengi walisikia. Upepo wa kwanza uliofuata nilikuwa nyumbani. Watu walipita mbio njiani, sauti zao zikaenda zikapotea upande wa Katonga, na hakuna aliyebisha hodi. Baba alikuwa ameshainuka kwenye kiti kwa mazoea. Alisimama pale, akasikiliza, akaketi tena. Boti ilipatikana, wenye injini waliileta, na chai haikumwagika.

Siku chache baadaye alikuja saluni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alisimama mlangoni akikwepa kuangalia vichwa vya wanawake.

“Yule kijana wako wa kuimba, anaogelea?”

“Ni mvuvi, baba.”

“Mwambie kesho asubuhi nakuja. Nimetaka kujifunza tangu siku ile ya kamba. Lakini ningemwambia nani anifundishe? Mimi niliyeogelea mpaka kwenye boti?”

Nilifunga saluni kesho yake, nikamsindikiza. Katonga ilikuwa na shughuli zake, wanawake wameanika dagaa, wavuvi wanatengeneza nyavu. Baba alivua koti lake refu mbele ya watu wote, akabaki na bukta ya zamani na fulana, miguu myembamba ambayo mji huu haukuwahi kuiona. Mvuvi alimfunga dumu la njano kifuani kwa mpira wa baiskeli, akamshika mkono, wakaingia. Maji yakafika vifundoni. Yakafika magotini, na baba hakugeuka.

Alikunywa maji mengi asubuhi ile. Alikohoa, akamtemea mvuvi usoni, akaomba radhi, akamtemea tena. Bibi wa mawese, ambaye bila shaka alikuwa amesikia, alikuja na ndoo yake, akasimama ufukweni akiita, “Jamani marehemu huyo majini! Muha kafufuka!” Baba akainua kichwa, akamrudishia maneno ambayo sitayaandika, nami sikujua kama anayafahamu. Nilicheka mpaka nikakaa kwenye mchanga. Nilikuwa na furaha isiyo na mfano, na nilitamani ningemjua mtu huyu mapema zaidi.

Ikafika siku, baada ya asubuhi nyingi za namna hiyo, mvuvi akafungua dumu. Akamweka baba juu ya maji akimshika tumbo, akatembea naye kidogo, kisha akatoa mkono bila kusema. Baba alikwenda peke yake, anapiga maji ovyo, kichwa juu kama bata, urefu wa mtumbwi na zaidi. Wanawake waliokuwa wakigeuza dagaa wakaacha kazi. Mmoja akaanza kupiga makofi, wengine wakadakia, na kijana mmoja akatoa simu yake mfukoni.

Baba akasimama, maji kifuani, akawanyooshea kidole.

“Nyie! Acheni hivyo. Rudini kwenye dagaa wenu.”

Wakaangaliana. Makofi yakapungua, yakaisha, kijana akairudisha simu mfukoni. Wanawake wakainama tena kwenye samaki wao, wakaendelea na maongezi yao ya asubuhi, na baba yangu, akiwa hatazamwi na mtu yeyote isipokuwa mimi, akajilaza juu ya maji akaogelea.